Kufundisha Jinsi Mtambo Unavyotunza na Kutekeleza Amri: Mfano wa Pampu ya Maji

Utangulizi

Mtoto anayesoma shule ya msingi katika pwani hii yetu, kuanzia Bagamoyo hadi Tegeta, hukua karibu na mitambo mikubwa. Kwenye Mto Ruvu upo mtambo wa maji wa Ruvu Chini, uliojengwa katikati ya miaka ya 1970 na kupanuliwa baadaye kutoka uwezo wa lita milioni 180 hadi lita milioni 270 kwa siku. Maji yake husukumwa kwa pampu hadi Dar es Salaam. Makurunge kipo kiwanda cha sukari kilichoanza uzalishaji mwaka 2022, na Wazo kipo kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1966. Hata pale ambapo hapana kiwanda, kuna tangi lililoinuliwa juu ya mnara, na pampu inayolijaza.

Siku moja mtoto huyo atauliza: "Mwalimu, pampu imejuaje kuwa tangi limejaa?" Mwalimu asiyejiandaa hujibu kwamba ipo kompyuta inayoona kila kitu. Jibu hilo lina kasoro mbili. Kwanza, si la kweli. Pili, linafunga mlango wa kuuliza, kwa sababu kitu kinachoona kila kitu hakihitaji kuchunguzwa. Mtoto aliyefundishwa hivyo, akiyaona maji yanamwagika usiku kucha, atasema kuwa mashine imeamua. Hatatafuta kosa, wala hatajua kwamba kosa hutafutwa.

Katika makala haya tutaeleza jinsi kidhibiti cha mitambo kinavyotunza programu yake na kuitekeleza, kisha tutaonyesha jinsi ya kulifundisha jambo hilo katika Darasa la Tano au la Sita bila kompyuta na bila umeme. Jambo moja ndilo msingi wa somo lote: kidhibiti hakilioni tangi, bali husoma ubao wake wa kumbukumbu na kufuata amri kilizoandikiwa. Mwalimu akilishika hilo, mengine yatafuata.

Madhumuni ya Somo

Baada ya vipindi viwili, mwanafunzi aweze:

1. Kutofautisha amri zilizotunzwa na habari zinazobadilika.
2. Kutaja hatua tatu za mzunguko wa kazi ya kidhibiti kwa mpangilio wake.
3. Kufuata amri nne za pampu, moja baada ya nyingine, na kusema jibu litakalopatikana.
4. Kueleza kwa nini mtambo usiokosea hata amri moja waweza kumwaga maji.

Maarifa Anayohitaji Mwalimu

(a) Kutoka nyaya hadi maandishi

Hapo zamani mashine za kiwandani ziliongozwa kwa rilei. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Mafundi waliunganisha mamia ya rilei kwa nyaya, na mpangilio wa nyaya ndio uliokuwa amri. Kazi ya mashine ikibadilika, nyaya nazo zilipaswa kufunguliwa na kuunganishwa upya. Kwa viwanda vya magari vya Marekani, vilivyobadili miundo ya magari mara kwa mara, kazi hiyo ilikuwa ghali na ya kuchosha.

Mwaka 1968 tawi moja la kampuni ya General Motors lilitangaza kuwa linahitaji chombo kitakachochukua nafasi ya rilei hizo. Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates walitengeneza chombo kilichoitwa Modicon 084, na mwaka 1969 kikaanza kutumika. Namba 084 ilitokana na kwamba huo ulikuwa mradi wa 84 wa kampuni yao. Mafundi wa leo hukiita chombo cha aina hiyo kwa herufi tatu, PLC. Sisi tutakiita kidhibiti.

Badiliko kubwa lilikuwa hili: amri zilitoka katika nyaya zikaingia katika maandishi. Nyaya zilibaki kazi mbili tu, yaani kuleta habari kutoka kwenye mashine na kupeleka amri kwenye mashine. Kinachoamua uhusiano kati ya habari na amri ni programu, ambayo yaweza kuandikwa upya bila kugusa waya hata mmoja.

Ili mafundi wa umeme wasione ugeni, programu hizo zilichorwa kwa mfano wa michoro yao ya rilei: mistari miwili ya wima, na kati yake mistari ya ulalo kama vipandio vya ngazi. Mwaka 1993 shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, lilitoa kanuni za lugha za kuandikia programu hizo, na mchoro wa ngazi ukawa mojawapo. Kidhibiti husoma ngazi hiyo kuanzia kipandio cha juu kushuka chini, kama mtu asomavyo ukurasa.

(b) Mahali amri zinapotunzwa

Fundi huandika programu kwenye kompyuta, kisha huipeleka ndani ya kidhibiti kwa waya. Baada ya hapo kompyuta huweza kuondolewa, na kidhibiti kikaendelea na kazi peke yake kwa miaka.

Kumbukumbu ya kidhibiti ina sehemu mbili ambazo mwalimu hana budi kuzitenganisha. Sehemu ya kwanza hutunza programu. Hii haibadiliki wakati wa kazi. Kidhibiti huisoma tu. Katika vidhibiti vingi vya sasa programu hutunzwa katika kumbukumbu isiyofutika umeme unapokatika. Vingi vya zamani vilitumia kumbukumbu iliyotegemea betri ndogo. Betri hiyo ikiisha na umeme ukakatika, programu ilipotea, na fundi alilazimika kuiingiza upya.

Sehemu ya pili hutunza habari: boya la chini linasema nini, boya la juu linasema nini, pampu imeamriwa iwake au izime. Habari hizi hubadilika kila wakati. Kila moja huandikwa kwa alama moja kati ya mbili, 1 au 0. Darasani tutatumia "ndiyo" na "hapana".

Tukilinganisha na mambo ya shule, programu ni kama ratiba ya vipindi iliyobandikwa ukutani, na habari ni kama daftari la mahudhurio. Ratiba hukaa vilevile muhula mzima. Daftari huandikwa upya kila asubuhi.

(c) Mzunguko wa kazi

Kidhibiti hurudia hatua tatu bila kukoma. Kwanza husoma habari zote zinazoletwa na nyaya na kuzinakili kwenye ubao wake wa kumbukumbu. Pili hutekeleza programu, amri moja baada ya nyingine, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Katika hatua hii kwa kawaida hutumia yaliyonakiliwa ubaoni, wala hakirudi kutazama nje. Tatu hupeleka majibu kwenye mashine. Hufanya pia ukaguzi mdogo wa afya yake, kisha huanza tena.

Mzunguko mmoja kwa kawaida huchukua milisekunde chache hadi makumi kadhaa. Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mzunguko ukichukua milisekunde 10, kidhibiti hukamilisha mizunguko 100 kwa sekunde moja. Kwa sababu ya kasi hiyo sisi hudhani kwamba kinatazama daima. Ukweli ni kwamba kinatazama, kinafumba macho, kinafanya hesabu, kisha kinatazama tena. Ishara inayotokea na kutoweka wakati macho yamefumbwa yaweza kupita bila kuonekana.

Yupo pia mlinzi wa muda. Kila mzunguko umewekewa kikomo. Programu ikikwama na mzunguko usimalizike kwa wakati, mlinzi huyo husimamisha kazi na matokeo huzimwa, ili mashine isiendelee kuendeshwa kwa amri zilizochakaa.

(d) Amri nne za pampu

Tuchukue tangi lenye maboya mawili. Boya la chini hutoa habari "limepungua", na boya la juu hutoa habari "limejaa". Programu yetu ni hii:

1. SOMA: tangi limepungua?
2. AU: pampu imeamriwa iwake?
3. NA: tangi HALIJAJAA?
4. ANDIKA jibu kwenye nafasi ya pampu.

Wakati wa kutekeleza, kidhibiti hubeba jibu moja tu mkononi. Amri ya 1 huweka jibu la kwanza. Amri ya 2 hulibadili kuwa "ndiyo" iwapo pampu tayari imeamriwa iwake. Amri ya 3 huliacha jibu kama lilivyo iwapo tangi halijajaa, na hulifanya kuwa "hapana" iwapo limejaa. Amri ya 4 huandika lililobaki mkononi.

Tazama jinsi majibu yanavyopatikana:

Hali ya kwanza: maji yako chini ya alama ya chini, pampu imezimwa. Amri ya 1, ndiyo. Amri ya 2, ndiyo. Amri ya 3, ndiyo. Pampu inawaka.

Hali ya pili: maji yamefika katikati, pampu inawaka. Amri ya 1, hapana. Amri ya 2, ndiyo. Amri ya 3, ndiyo. Pampu inaendelea.

Hali ya tatu: maji yamefika alama ya juu. Amri ya 1, hapana. Amri ya 2, ndiyo. Amri ya 3, hapana. Pampu inazima.

Hali ya nne: watu wamechota, maji yamerudi katikati. Amri ya 1, hapana. Amri ya 2, hapana. Amri ya 3, hapana. Pampu inabaki imezimwa.

Hali ya pili na ya nne zina maji ya kimo kilekile, lakini majibu ni mawili tofauti. Tofauti haimo tangini, imo katika kumbukumbu: ubao unakumbuka kama pampu ilikuwa imeamriwa iwake au la. Hapo mwanafunzi ataona faida ya kumbukumbu kuliko kwa maelezo ya saa nzima.

Zana na Maandalizi

Mwalimu atayarishe vitu vifuatavyo, ambavyo vyote hupatikana kijijini: ndoo moja inayopitisha mwanga, iliyochorwa alama ya chini na alama ya juu, ndoo ya pili yenye maji, kata mbili za kifuu cha nazi, vipande vinne vya boksi vilivyoandikwa amri zetu nne, kibao kidogo cha kuandikia kwa chaki, na kopo tupu na kijiti cha kuligongea. Kwenye ubao mkubwa achore jedwali lenye mistari mitatu: "Limepungua", "Limejaa", "Pampu". Mbele ya kila neno pawe na nafasi ya kuandika "ndiyo" au "hapana". Kabla ya mchezo kuanza, nafasi ya pampu iandikwe "hapana".

Somo lifanyike barazani au chini ya mwembe, maana maji yatamwagika, na ni vema yamwagike.

Hatua za Somo

Hatua ya 1: Kugawa kazi. Wanafunzi saba wachaguliwe. Wa kwanza ni Pampu. Hutia maji ndooni kwa kata anapoamriwa, na huendelea mpaka amri ibadilike. Wa pili ni Mji. Huchota maji kila anapotaka. Wa tatu ni Boya, atazamaye alama mbili. Wa nne ni Mwandishi, aandikaye ubaoni asemayo Boya. Wa tano ni Mtendaji, mwenye vipande vya amri na kibao cha mkononi. Huyu pia ndiye abadilishaye nafasi ya pampu ubaoni afikapo amri ya 4. Wa sita ni Mjumbe, apelekaye jibu kwa Pampu. Wa saba ni Mlinzi wa Muda, mwenye kopo.

Mtendaji aketi akiipa ndoo mgongo na kuelekea ubao. Mwalimu asilegeze sharti hili kwa sababu yoyote. Mtendaji akigeuka kutazama maji, somo limeharibika.

Hatua ya 2: Kuendesha mzunguko. Mwalimu aseme "Soma!" Boya anataja hali ya alama zote mbili, Mwandishi anaandika, kisha Boya ananyamaza. Mwalimu aseme "Tekeleza!" Mtendaji anasoma amri ya 1 kwa sauti, anatazama ubao, anaandika jibu kwenye kibao; vivyo hivyo mpaka amri ya 4. Mwalimu aseme "Peleka!" Mjumbe anaichukua amri. Mara moja mzunguko uanze tena. Mlinzi wa Muda ahesabu kimoyomoyo hadi 60 kila mzunguko. Akifika 60 kabla ya "Peleka", agonge kopo na Pampu aache kutia maji. Kundi lifanye mizunguko isiyopungua kumi, ili hali zote nne zitokee.

Hatua ya 3: Kusimamisha na kuuliza. Mwalimu asimamishe mchezo Mtendaji akiwa kwenye amri ya 2, na aliulize darasa: "Ubao unasema nini? Ndoo inasema nini?" Mara nyingi yatakuwa mambo mawili, kwani Mji na Pampu hawakungoja. Wanafunzi waeleze wenyewe kwamba ubao ni picha ya wakati uliopita. Hapo waulizwe kwa nini kidhibiti cha kweli hakipati shida kubwa kwa jambo hilo. Jibu ni kasi: picha yake huchakaa kwa muda mfupi mno, na tangi haliwezi kujaa kwa milisekunde 10.

Hatua ya 4: Kubadilisha mpangilio. Mwalimu abadilishe nafasi za amri ya 2 na ya 3, bila kubadili neno lolote ndani yake isipokuwa namba, na mchezo uendelee. Sasa Mtendaji anauliza kwanza kama limepungua, kisha kama halijajaa, na mwisho kama pampu imeamriwa iwake. Pampu ikishawaka, amri ya mwisho itarudisha "ndiyo" kila mara, hata tangi likiwa limejaa. Maji yatafurika. Wanafunzi walitafute kosa wao wenyewe, amri kwa amri, kwa kutazama kibao. Mwalimu asiwaambie. Watakapoligundua watakuwa wamejifunza kwamba amri zilezile, zikipangwa vingine, ni programu nyingine.

Hatua ya 5: Waya uliokatika. Amri zirudishwe mahali pake. Mwalimu amnong'oneze Boya asiseme tena neno lolote kuhusu alama ya juu. Mwandishi aambiwe kwamba panapokuwa na kimya, huandika "hapana", kwa maana katika waya uliokatika hakuna umeme, na penye waya usio na umeme kidhibiti huandika 0. Maji yatafurika tena. Aulizwe Mtendaji: "Umekosea wapi?" Atajibu kwa haki kabisa: "Sikukosea, Mwalimu. Ubao ulisema halijajaa."

Hapa ndipo kiini cha somo. Kidhibiti hakiwezi kutofautisha "tangi halijajaa" na "waya umekatika", kwa sababu vyote viwili huandikwa kwa alama moja. Kwa sababu hiyo mafundi wenye hadhari hugeuza swali. Badala ya boya kutoa umeme tangi linapojaa, hulifunga litoe umeme wakati nafasi bado ipo. Amri ya 3 huwa: "NA: nafasi bado ipo?" Sasa kimya hakimaanishi "endelea", kinamaanisha "simama". Waya ukikatika, pampu inazima, na mtu atakuja kutazama. Darasa lirudie mchezo kwa amri hiyo mpya na kulinganisha matokeo.

Makosa ya Kutazamia

Wapo wanafunzi watakaosema kwamba Mtendaji "amefikiri". Mwalimu asimkemee asemaye hivyo, bali amwombe aonyeshe ni katika kipande kipi cha boksi kufikiri huko kulitokea. Aliyefikiri ni aliyeziandika amri. Mtendaji amezifuata tu.

Wengine watachanganya programu na habari, wakasema kwamba pampu ilipozima, "programu imebadilika". Waelekezwe kwenye vipande vya boksi: ni vilevile tangu mwanzo. Kilichobadilika ni maneno ya ubaoni.

Wengine tena watauliza umeme ukikatika itakuwaje. Hilo ni swali zuri. Mwalimu afute ubao wa habari na kuviacha vipande vya amri. Mchezo ukianza upya na maji yakiwa katikati, nafasi ya pampu itakuwa "hapana", na pampu haitawaka mpaka maji yapungue. Baadhi ya habari kidhibiti cha kweli chaweza kuagizwa kizihifadhi hata umeme ukikatika, lakini ni mwandishi wa programu anayepaswa kuamua ni zipi, kwa kuzingatia usalama wa watu. Mashine inayowaka ghafula umeme unaporudi yaweza kumjeruhi fundi aliyeinama juu yake.

Kujipima

Mwisho wa kipindi cha pili wanafunzi wapewe maswali haya:

1. Maji yako katikati ya tangi. Je, waweza kusema kama pampu inawaka au imezimwa? Ni habari gani nyingine unahitaji?
2. Andika amri za taa ya uzio inayowaka wakati ni giza NA swichi ya mlinzi imefunguliwa.
3. Kengele ya shule inaongozwa na kidhibiti. Mtoto amebonyeza kitufe na kukiachia upesi mno, kengele haikulia. Eleza sababu moja inayowezekana, bila kutumia neno "kuharibika".
4. Tangi limefurika. Taja sehemu tatu ambazo fundi atazichunguza, kwa mpangilio, na useme kwa nini.

Swali la 4 lipewe uzito kuliko mengine. Jibu linalotosheleza litataja habari (boya na waya wake), amri (programu na mpangilio wake), na utekelezaji (waya wa kwenda kwenye pampu na pampu yenyewe). Mwanafunzi aliyejibu "mashine ilikosea" na kuishia hapo hajaelewa, hata kama amekariri hatua zote tatu za mzunguko.

Tunashauri mwanachuo alijaribu somo hili kwanza na wenzake kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, naye mwenyewe aketi mahali pa Mtendaji walau mara moja. Akiisha kutekeleza amri huku akisikia maji yakimwagika nyuma yake, na asiruhusiwe kugeuka, atafahamu kwa nini amri huandikwa kwa uangalifu, na kwa nini mtu anayeziandika hana budi kwenda mwenyewe tangini kutazama.